Jicho Kwanza, Ngumi Baadaye: Jinsi Vita Vilivyopanda Angani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu mliohudhuria, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna majeshi yalivyopanda angani, na namna yalivyoendelea kupanda mpaka kuipita anga yenyewe. Naona vijana wamejaa viti vya mbele, na najua wanachokingoja: ndege zinazokwenda kasi kuliko sauti, marubani mashujaa, makombora. Nitavigusa, ila kwa mkono mwepesi. Kadiri nilivyoisoma historia hii ndivyo nilivyozidi kuona kwamba wengi wetu tunaianzia katikati. Tunaianzia kwenye bomu. Mimi nataka niianzie kwenye jicho. Chombo ambacho binadamu amekipandisha juu kwa ajili ya vita, kiwe puto, ndege, setilaiti au droni, kilipanda kwanza kwenda kuangalia. Kupiga kulifuata. Na katikati ya kuangalia na kupiga ipo hatua moja ambayo wasimulizi wengi huiruka: pale anayeangaliwa anapochoka kuangaliwa.

Twende Ubelgiji, tarehe 26 Juni 1794, karibu na mji wa Fleurus. Wafaransa wa enzi ya mapinduzi wanapigana na Waaustria na washirika wao. Juu ya uwanja wa vita limening'inia puto la haidrojeni, limefungwa kwa kamba zilizoshikwa na askari walio chini. Ndani ya kikapu yumo Coutelle, mkuu wa kikosi cha maputo, pamoja na jenerali mmoja. Wanatazama vikosi vya adui vinavyosogea, wanaandika, wanatia karatasi katika kifuko, wanakiteremsha kwa kamba. Puto lilikaa juu kwa saa nyingi, na Wafaransa wakashinda. Walishinda kwa sababu ya puto? Wanahistoria wanabishana hadi leo, nami sina haraka ya kuwaamulia. Kinachonivutia zaidi ni jambo la siku chache kabla, huko Maubeuge. Waaustria walipoliona puto limepanda waliligeuzia mizinga. Halikuwa na silaha. Halikumdondoshea mtu hata jiwe. Kosa lake lilikuwa kuona. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuelekeza mzinga juu ili kukitungua chombo cha angani alifanya hivyo zaidi ya miaka 100 kabla ndege haijavumbuliwa.

Mwaka 1799 kikosi kile cha maputo kikavunjwa. Kulijaza puto moja kulidai tanuri, mabomba na muda ambao jeshi linalokimbizana na adui halikuwa nao. Hapo mnaona tabia nyingine ya historia hii: chombo huonyesha faida yake, kisha wakubwa wanakiweka kando, kisha kinaibuka tena kwingine mikononi mwa watu wengine.

Kiliibuka Marekani. Tarehe 18 Juni 1861, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Thaddeus Lowe alipanda na puto juu ya jiji la Washington akiwa na waya wa telegrafu uliotoka kikapuni hadi ardhini, akampelekea Rais Abraham Lincoln ujumbe kutoka angani. Huo waya naomba mniwekee akiba, nitauhitaji baadaye.

Najua yupo mmoja hapa atakayeninyooshea kidole na kunikumbusha Venice ya mwaka 1849, Waaustria walipoachia maputo yasiyo na watu, yamebeba mabomu, yapeperuke mpaka mjini. Ni kweli. Lakini hapo puto lilikuwa limeshafanya kazi ya jicho nusu karne kabla. Halafu upepo haupokei amri ya jenerali: baadhi ya maputo hayo yalirudi upande wa wenyewe.

Ndege ya ndugu Wright iliruka tarehe 17 Desemba 1903, kwa sekunde 12, umbali wa mita 37 hivi. Jeshi la Marekani lilinunua ndege yake ya kwanza mwaka 1909, na idara iliyoinunua ilikuwa ile ya mawasiliano, watu wa bendera na telegrafu. Hawakununua silaha, walinunua namna mpya ya kupata habari.

Kisha ikaja Libya, mwaka 1911, Italia ilipopigana na dola ya Uturuki. Tarehe 23 Oktoba Kapteni Carlo Piazza aliruka kwenda kuchungulia kambi za Waturuki. Tarehe 1 Novemba Luteni Giulio Gavotti akachukua mabomu manne madogo, kila moja uzito wa kilo mbili hivi, akayadondosha kwa mkono huko Ain Zara na Tagiura. Hesabuni siku. Kutoka jicho hadi ngumi zilipita siku tisa. Madhara yalikuwa madogo, ila mlango ulikuwa umeshafunguka, na wa kwanza kuangukiwa na mabomu ya ndege walikuwa watu wa ardhi ya Afrika.

Ilipofika Agosti 1914, majeshi ya Ulaya yalikuwa na ndege mia kadhaa, karibu zote za upelelezi. Mwanzoni mwa Septemba marubani waliliona jeshi la Jenerali von Kluck likikunja kuelekea kusini-mashariki badala ya kuizunguka Paris, na ubavu wake ukabaki wazi. Habari hiyo ilisaidia sana kuandaa shambulio la mto Marne, na Marne ndiyo iliyowasimamisha Wajerumani. Basi kuanzia hapo kila jemadari alitaka macho yake angani, na kila jemadari alitaka macho ya mwenzake yatobolewe. Septemba hiyohiyo Mrusi Pyotr Nesterov, kwa kukosa silaha ya kufaa, aliigonga ndege ya Waaustria kwa ndege yake, wakafa wote. Tarehe 5 Oktoba Wafaransa wawili, Joseph Frantz na Louis Quenault, waliitungua ndege ya Kijerumani karibu na Reims kwa bunduki ya rashasha. Mwaka uliofuata Roland Garros alifunga vipande vya chuma kwenye propela yake ili risasi zinazoigonga ziruke kando. Kisha karakana ya Anthony Fokker ikatoa mtambo uliofyatua bunduki pale tu njia kati ya mapanga ya propela ilipokuwa wazi. Hiyo ndiyo ndege ya kivita tuliyoizoea. Ilizaliwa ili kuwaua watazamaji. Sifa zote za marubani mashujaa, vifua vyao vya nishani, zimetokana na ugomvi wa nani aone na nani asione.

Nitakaa kidogo kwenye kisa kimoja ambacho wasimulizi wa Ulaya hukipita haraka, nacho kilitokea katika delta ya mto Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha humo tangu mwaka 1914, ndani kabisa ya mikoko. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maji yalikuwa haba, na kutoka baharini hakuna aliyeiona. Mizinga waliyokuwa nayo ingeweza kuifikia, lakini mzinga hauna macho. Zikaletwa manowari mbili fupi, za kupita maji madogo, Severn na Mersey, na ndege chache za mbao na turubai zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji aliye juu akashindwa kujua kombora hili limetoka meli ipi. Wakaondoka bila kuimaliza kazi. Tarehe 11 wakarudi, safari hii wakipiga kwa zamu. Ndani ya ndege walikuwamo Cull, rubani, na Arnold, aliyekuwa akituma kwa telegrafu ya upepo masahihisho ya shabaha: mbele, nyuma, kushoto. Wajerumani waliijeruhi ndege ile. Ikaanza kushuka, na Arnold aliendelea kutuma masahihisho wakati wanaanguka. Walitua mtoni, wakaokolewa hai. Königsberg iliteketea siku hiyo.

Ndege ile haikudondosha hata bomu moja juu ya manowari. Iliipa mizinga macho, basi. Nikiulizwa nionyeshe kwa mfano mmoja nguvu za anga ni kitu gani, naonyesha hapo.

Sasa tufike kwenye ngumi, maana siwezi kuikwepa. Mwaka 1917 ndege kubwa za Kijerumani ziitwazo Gotha ziliishambulia London mchana kweupe. Shambulio la tarehe 13 Juni peke yake liliua watu 162. Hasira na aibu ya Waingereza ndivyo vilivyozaa jeshi la anga linalojitegemea, Royal Air Force, tarehe 1 Aprili 1918. Liangalieni vizuri jambo hili. Jeshi likishakuwa taasisi yenye bajeti yake, sare zake na majenerali wake, linahitaji sababu ya kuwepo. Kama kazi yake ni kuangalia kwa niaba ya jeshi la nchi kavu, kwa nini lisirudi chini ya jeshi la nchi kavu? Kwa hiyo wakubwa wa anga walihitaji ahadi kubwa, na Mwitalia Giulio Douhet aliiandika mwaka 1921: ndege zitavuka mahandaki na majeshi, zitaipiga miji, wananchi watakata tamaa, vita vitakwisha haraka. Mwaka huohuo Jenerali Billy Mitchell alizamisha kwa mabomu ya ndege manowari ya zamani ya Kijerumani, Ostfriesland, mbele ya mabaharia walioamini kwamba haiwezekani. Mwaka 1932 Stanley Baldwin aliliambia bunge la Uingereza kwamba ndege ya mabomu itapenya daima. Kati ya ahadi na ushahidi palikuwa na mwanya mkubwa, na mwanya huo ulizibwa kwa hofu.

Ushahidi ulipokuja ulitoka kwenye jicho, na ulikuwa mchungu. Majira ya joto ya mwaka 1941 Waingereza walichunguza mamia ya picha zilizopigwa na ndege zao wenyewe wakati wa mashambulio ya usiku juu ya Ujerumani na nchi zilizokaliwa. Marubani walikuwa wakirudi na taarifa kwamba wamepiga shabaha. Picha zilisema vingine: kati ya ndege zilizodai kushambulia, theluthi moja tu ndiyo iliyofika ndani ya kilomita 8 za shabaha. Kilomita nane, ndugu zangu! Hapo mtu angedhani watasema tuache. Hawakuacha. Walikuwa wameshajenga viwanda, wamefunza vijana, na hawakuwa na njia nyingine ya kuifikia Ujerumani. Februari 1942 ilitoka amri ya kulenga maeneo ya makazi ya miji. Kama huwezi kupiga kiwanda, unapiga mji kilipo kiwanda. Hamburg, Julai 1943, makumi ya maelfu ya watu waliteketea kwa moto. Na waliotumwa kuwasha moto huo nao walikwisha: kikosi cha mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika vita hivyo, wengi wao vijana wa umri wa hao waliokaa mbele yangu.

Upande wa Wamarekani, walioamini kulenga mchana kwa darubini nzuri, kisa si tofauti sana. Oktoba 14, 1943 walipeleka ndege 291 Schweinfurt kupiga viwanda vya gololi, wakapoteza 60 kwa siku moja. Hali ilibadilika walipopata ndege za kusindikiza zenye tangi za ziada za mafuta, hasa ile P-51. Halafu Tokyo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945: watu wapatao 100,000 katika usiku mmoja. Ile ahadi ya Douhet kwamba wananchi watawalazimisha watawala wao wasalimu amri baada ya siku chache haikutimia London, haikutimia Hamburg, haikutimia Tokyo. Sisemi mabomu hayakufanya kazi. Yalivuruga reli, yaliumaliza uwezo wa Ujerumani wa kutengeneza mafuta, yaliwalazimisha wairudishe mizinga na ndege zao nyumbani. Nasema hayakufanya kazi ile waliyoiahidi.

Kumbukeni kwamba katika vita hivyohivyo jicho lilishinda pambano kubwa bila bomu. Mwaka 1935 Robert Watson-Watt alionyesha kwamba mawimbi ya redio yakigonga ndege hurudi. Ilipofika mwaka 1940 pwani ya Uingereza ilikuwa na mlolongo wa minara ya rada. Lakini rada pekee isingetosha, Wajerumani pia walikuwa na rada, tena nzuri. Hugh Dowding aliunganisha minara, watazamaji wa kawaida wenye darubini vilimani, simu, na vyumba ambamo wanawake wa jeshi la anga walisogeza alama juu ya meza yenye ramani. Taarifa ilikuwa ikitoka mnarani, inachujwa, inafika kwa rubani kwa dakika chache. Ndege za kulinda hazikulazimika kuzunguka hewani zikichoma mafuta bure. Huo mpangilio wa simu na meza ndio babu wa kila mtambo wa ulinzi wa anga uliopo leo.

Na tarehe 9 Agosti 1945 ndege iliyobeba bomu la pili la atomiki iliufikia mji wa Kokura. Amri ilikuwa bomu lilengwe kwa macho. Mji ulikuwa umefunikwa na mawingu na moshi. Walizunguka mara tatu, hawakuona, wakaenda Nagasaki.

Hapo niliposema tumepanda mpaka kuipita anga: lilitangulia kombora la V-2 la Wajerumani, lililorushwa kwa mafanikio mara ya kwanza Oktoba 1942 kutoka Peenemünde, na kutumiwa dhidi ya miji kuanzia Septemba 1944. Lilikwenda kasi kuliko sauti, hivyo aliyelisikia likija alikuwa ameshanusurika. Kama silaha lilikuwa ghali na halikulenga. Wafungwa waliokufa katika kulitengeneza ni wengi kuliko waliouawa nalo. Lakini lilionyesha njia, na mafundi wake waligawanywa kati ya washindi.

Tarehe 4 Oktoba 1957 roketi ya Kisovieti R-7, iliyobuniwa ili kubeba bomu la nyuklia kuvuka mabara, ilipeleka Sputnik kwenye mzingo wa dunia. Kilo 83.6, antena nne, mlio. Dunia ilitetemeka. Lakini kuna mwanasiasa mmoja ambaye naamini alivuta pumzi, naye ni Rais Eisenhower. Miaka miwili kabla alikuwa amewapendekezea Wasovieti kwamba kila upande uruhusu ndege za mwenzake zipige picha juu ya nchi yake, wakakataa. Sasa setilaiti yao wenyewe ilikuwa inapita juu ya Marekani na juu ya kila nchi bila kuomba ruhusa, na hakuna aliyeipinga. Njia ilikuwa imeshakanyagwa. Wangewezaje kuipinga setilaiti ya Marekani itakapopita juu ya Moscow?

Kilichofuata ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Tarehe 1 Mei 1960 ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, iliyoruka juu kiasi kwamba iliaminika haifikiki, ilitunguliwa na kombora ndani ya Umoja wa Kisovieti, na rubani Gary Powers akakamatwa akiwa hai. Alishtakiwa Moscow, na tarehe 19 Agosti akahukumiwa. Siku hiyohiyo, juu ya bahari ya Pasifiki karibu na Hawaii, ndege ya mizigo aina ya C-119 ilikuwa ikijaribu kunasa kwa kulabu mwavuli uliokuwa ukishuka kutoka angani. Mara mbili ikakosa. Mara ya tatu ikaunasa. Chini ya mwavuli kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo filamu iliyopigwa na setilaiti ya mpango wa siri wa Marekani ulioitwa Corona. Hadharani waliiita safari ya kisayansi. Walikuwa wameshindwa zaidi ya mara 10 kabla yake, roketi zikilipuka, makopo yakipotea. Kopo hilo moja lilileta picha za eneo kubwa la nchi ya Kisovieti kuliko safari zote za U-2 zikijumlishwa. Mahakamani jicho la zamani lilikuwa linahukumiwa, na angani jipya lilikuwa linafunguka.

Picha hizo zilibadili hesabu. Huko Washington kulikuwa na kelele kwamba Wasovieti wana makombora ya masafa marefu mengi mno kuliko Wamarekani. Septemba 1961 majasusi walishusha makadirio yao: kati ya makombora 10 na 25. Naona hilo lilikuwa na uzito kuliko kikosi chochote cha ndege za mabomu. Mwoga anayeona vizuri ana hatari ndogo kuliko mwoga aliyefumbwa macho.

Miaka ya ndege za jeti nitaipitia haraka, mnisamehe. Korea, ndege ya Kisovieti MiG-15 dhidi ya F-86 ya Marekani. Vietnam, ambako daraja la Thanh Hoa lilishambuliwa tangu Aprili 1965 kwa mamia ya safari, ndege nyingi zikapotea, daraja likasimama. Likaja kuvunjwa Mei 1972 kwa mabomu yanayofuata mwanga wa leza. Jambo la Juni 5, 1967 tu nitalisema, kwa sababu lugha yetu ilishalisema zamani: aliye juu mngoje chini. Israeli haikwenda kupigana na jeshi la anga la Misri angani. Ililikuta asubuhi limeegeshwa viwanjani, na ndani ya saa chache karibu ndege 300 zilikuwa zimeteketea. Kila ndege lazima itue. Miaka 58 baadaye, Juni 1, 2025, Waukraine waliikumbusha Urusi somo hilo kwa droni zilizofichwa ndani ya malori, zikafunguliwa karibu na viwanja ambamo ndege kubwa za mabomu zilikuwa zimepumzika, maelfu ya kilomita kutoka mstari wa mbele.

Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 huitwa vita vya kwanza vya anga za juu. Setilaiti za kuhisi joto ziliona makombora ya Scud ya Iraki yakiruka. Magari yalivuka jangwa lisilo na barabara kwa kufuata GPS, ambayo haikuwa hata imekamilika, na vipokezi vya kijeshi vilikuwa haba kiasi kwamba askari walitumia vile vya kiraia. Picha za televisheni zilionyesha bomu likiingia dirishani. Zisizoonyeshwa ndizo zilizokuwa nyingi: zaidi ya asilimia 90 ya mabomu yaliyodondoshwa yalikuwa ya kawaida, yanayoanguka tu.

Miaka minane baadaye, Mei 7, 1999, katika vita vya NATO dhidi ya Yugoslavia, ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-2 ilidondosha mjini Belgrade mabomu matano yanayoongozwa na GPS. Yote yalikwenda pale yalipoelekezwa, na pale palikuwa ubalozi wa China. Waandishi wa habari watatu waliuawa. Bomu halikukosea, anwani ndiyo iliyokuwa ya mtu mwingine. Mwaka 1941 Waingereza walijua wanakotaka kupiga, wakashindwa kupafikia. Mwaka 1999 Wamarekani walipafikia barabara, bila kujua ni kwa nani.

Droni je? Njia ileile ya Libya. Predator, droni ya Marekani, ilipelekwa Balkan mwaka 1995 kuangalia. Mwanzoni mwa 2001 ikajaribiwa na kombora, na Oktoba mwaka huo ilikuwa inaua Afghanistan. Leo Ukraine kuna droni ndogo, za bei ya chini, zinazomfuata askari mmoja mmoja hadi mlangoni mwa handaki. Na kwa kuwa kila upande unavuruga mawimbi ya redio ya mwenzake, baadhi ya droni hizo sasa zinaruka zikifungua nyuma yao uzi mwembamba wa kioo, kilomita nyingi, ili picha zisafiri ndani ya uzi. Mnaukumbuka waya wa Lowe? Huo hapo.

Namalizia huko juu kabisa. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi makubwa kwenye mzingo. Unapokataza hizo, haukatazi silaha za kawaida. Na sababu ya kuzikataza za nyuklia ilishaonekana Julai 1962, Marekani ilipolipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Pasifiki: baadhi ya taa za barabarani zilizimika Hawaii, na setilaiti kadhaa zikaharibika, ikiwamo ya washirika wake Waingereza. Mwaka 1985 rubani wa F-15 alitungua setilaiti ya nchi yake kwa kombora. Januari 2007 China ilivunja setilaiti yake ya zamani ya hali ya hewa, vikabaki vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa. India ilifanya yake Machi 2019. Novemba 2021 Urusi ilivunja setilaiti yake, Kosmos 1408, na wanaanga waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa, Warusi wakiwamo, wakalazimika kujihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Ndege ikitunguliwa inaanguka, inazikwa, yamekwisha. Setilaiti ikivunjwa vipande vyake hubaki vikizunguka kwa kasi ya kilomita saba na ushei kwa sekunde, wala havichagui adui.

Ndiyo maana wengi sasa wanatafuta kulipofua jicho bila kulivunja. Tarehe 24 Februari 2022, saa moja hivi kabla ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka, modemu za mtandao mmoja wa setilaiti uliotumiwa na Ukraine zilizimwa kwa shambulio la kompyuta. Mitambo 5,800 hivi ya umeme wa upepo huko Ulaya ya kati, isiyohusika na vita, ilipoteza mawasiliano siku hiyo.

Marekani iliunda jeshi lake la anga za juu Desemba 2019. Wiki chache baadaye, Januari 2020, setilaiti ya Kirusi ilikuwa imejisogeza karibu na setilaiti ya upelelezi ya Marekani na kuifuata. Julai mwaka huo setilaiti nyingine ya Kirusi, Kosmos 2543, ilichomoa kitu na kukirusha kwa kasi. Marekani na Uingereza zikasema hilo ni jaribio la silaha. Urusi ikasema ni ukaguzi wa kawaida wa vyombo vyake. Nesterov na Frantz wa huko juu bado hawajatokea, lakini bunduki imeshaonekana kikapuni.

Asanteni kwa kunivumilia. Mzee pale nyuma alikuwa ameinua mkono tangu nilipotaja Rufiji. Tuanze na yeye.